Barua kwa mwanangu: Ulisema tu, au ulitenda?

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa utulivu.

Unasema wewe na rafiki yako hamsemezani. Alikuuliza kama utahudhuria siku atakapotetea utafiti wake, ukamjibu, "Nitakuwepo." Siku ikafika, hukutokea. Sasa yeye anadai umevunja ahadi, na wewe unajitetea kwamba neno "ahadi" halikutoka kinywani mwako: ulisema tu. Kisha chini kabisa, kama jambo la pembeni, unaniuliza kama hii mada ya vitendo uneni, yaani mambo tunayoyatenda kwa kusema, mliyoanza kwenye somo la pragmatiki, linalochunguza lugha inavyotumika katika mazingira yake, ina faida yoyote nje ya chumba cha mtihani.

Maswali yako mawili, baba, ni swali moja, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu ni jambo ninalolipenda na kwa sababu linakuhusu.

Utetezi wako umebeba imani ya zamani: kwamba kusema ni kitu kimoja na kutenda ni kingine, na kwamba kazi ya maneno ni kueleza mambo yalivyo. Wanafalsafa wengi wameishi na imani hiyo. Katika miaka ya 1930 walikuwepo walioshikilia kwamba sentensi isiyoweza kupimwa kama ni kweli au uongo haina maana ya kujadilika. Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford ndiye aliyeitikisa imani hiyo, kwenye mihadhara 12 aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1955. Alifariki mwaka 1960 akiwa na miaka 48 tu, na mihadhara hiyo ikatoka kama kitabu mwaka 1962. Kila ninapokirudia huwa nasikitika kwamba hakupata muda wa kuiendeleza kazi hiyo mwenyewe.

Alichofanya Austin ni kuokota sentensi ambazo sura yake ni ya maelezo, lakini ukizitazama vizuri hazielezi kitu. Mtu anayepasua chupa kwenye ubavu wa meli na kutamka, "Naipa meli hii jina fulani," haripoti kwamba mahali fulani kuna meli inapewa jina. Yeye ndiye anayeipa, hapohapo. Anayeandika kwenye wosia kwamba saa yake anamwachia kaka yake hatoi habari za saa. Anayesema "naweka dau" ameshaliweka. Huwezi kumwambia yeyote kati ya hao, "Thibitisha." Hakuna cha kuthibitisha, maana tendo lenyewe limefanyika ndani ya kutamka.

Hata hivyo, si kila atamkaye ametenda. Ukienda leo bandarini na chupa yako ukaipa jina meli ya watu, meli haitakuwa na jina hilo. Lazima uwepo utaratibu unaokubalika, watu wawe ndio wanaostahili, mazingira yawe ndiyo, na utaratibu ufuatwe sawasawa hadi mwisho. Watu huliona sharti hili la mwisho kuwa dogo mpaka siku linapoleta shida. Tarehe 20 Januari 2009, Barack Obama alipokuwa akiapishwa kuwa rais wa Marekani, Jaji Mkuu John Roberts alilihamisha neno moja la kiapo kutoka mahali lilipoandikwa kwenye katiba. Obama akasita, kisha akafuata kama alivyosomewa. Kisheria muhula wake ulikuwa umeanza saa sita mchana siku hiyo, hilo halikuwa na ubishi. Lakini katiba inataka kiapo kitamkwe kabla rais hajaanza kutekeleza kazi yake, tena kwa maneno yaleyale. Kesho yake, tarehe 21, jaji akaenda Ikulu na kiapo kikarudiwa chote upya, ili asibaki mtu wa kuhoji. Nawaza sana juu ya tukio hilo. Neno halikukosewa, lilikaa tu si mahali pake, na dola nzima ikaona ni busara kurudia.

Sasa zingatia jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita mbio. Austin alitenganisha namna mbili za kuharibika kwa kitendo. Ya kwanza ni hiyo ya meli: kitendo hakikutokea kabisa. Ya pili ni pale kitendo kinapotokea lakini kwa hila. Anayesema "Naahidi" huku moyoni hana nia yoyote ya kutimiza ameahidi bado. Ahadi yake ni ya udanganyifu, ila ni ahadi, na ndiyo maana tunaweza kumdai. Ingekuwa nia ya moyoni ndiyo inayofanya ahadi iwepo, kila tapeli angeponea hapohapo: "Sikumaanisha, kwa hiyo hamnidai." Wajibu unazaliwa pale maneno yanapotoka na kupokelewa, hauendi kusubiri ruhusa ya moyo.

Na kabla hujaniambia kwamba wewe hukutumia kitenzi cha kuahidi, soma mihadhara hiyo hadi mwisho. Austin alianza kwa kutenga sentensi zinazotenda na zile zinazoeleza, halafu akaivunja hiyo tofauti kwa mkono wake. Aligundua kwamba hata kueleza ni kutenda: anayesema "mlango uko wazi" anathibitisha, anaonya, analalamika au anakaribisha, na anawajibika kwa alichofanya. Akapendekeza tuangalie mambo matatu katika kila tamko. Kuna tendo la kutamka maneno yenye maana. Kuna tendo unalolifanya katika kutamka, kama kuahidi au kukataa. Na kuna yale yanayotokea kwa mwenzako kwa sababu umetamka: ametulia, ameogopa, amebadili mipango yake. La pili ndilo moyo wa somo lenu, na ndilo linalokosekana kwenye utetezi wako. Unahesabu maneno uliyoyatoa, na unakiri matokeo yake, lakini katikati unaacha pengo, kana kwamba hakuna ulichofanya.

Chukua sentensi moja: "Nitakuja kesho." Mwambie mgonjwa anayekungoja, ni ahadi. Mwambie mtu ambaye deni lake limepitiliza na anakukwepa, ni kitisho. Mwambie karani anayepanga orodha ya wageni, ni taarifa. Maneno ni yaleyale, hata sauti yaweza kuwa ileile. John Searle, mwanafalsafa aliyesoma Oxford enzi za Austin, alijaribu mwaka 1969 kuorodhesha nini hasa kinaifanya ahadi iwe ahadi. Jambo linalosemwa liwe la baadaye na liwe la msemaji mwenyewe. Msikilizaji awe analitaka. Hapo ndipo ahadi inapoachana na kitisho. Lisiwe jambo ambalo lingetokea tu bila kusemwa. Na tamko lichukuliwe kuwa linamfunga msemaji.

Pima sasa la kwako. Jambo lilikuwa la baadaye, na lilikuwa lako. Rafiki yako alilitaka, ndiyo sababu akauliza. Lisingetokea lenyewe, kwa maana ulipaswa kuacha shughuli zako uende. Naye alikuchukulia kuwa umejifunga, na wewe ulijua anakuchukulia hivyo. Ungekuwa na mashaka, lugha ilikuwa imekupa milango mingi: "Nitajitahidi," "Nikipata nafasi," "Usinitegemee sana." Hukuitumia hata mmoja. Mwanangu, uliahidi.

Mambo ya kusema kwa kuzunguka nitayapitia haraka, utayasoma na utayafurahia. Mtu akikuuliza, "Unaweza kufungua dirisha?" haulizi habari za misuli yako. Mkubwa wa kazi akisema, "Ripoti sijaiona," ametoa amri. Searle alilichambua hili mwaka 1975, na mwaka huohuo ikachapishwa makala ya mwanafalsafa Paul Grice kuhusu namna tunavyoelewana zaidi ya yaliyosemwa. Yasome hayo mawili pamoja.

Nataka nikae zaidi kwenye kuomba radhi, kwa kuwa ndiko unakoelekea. Kuomba radhi nako ni kitendo chenye masharti: kuna jambo lililotendeka, lilimuumiza mwenzio, na mtendaji ni wewe. Ondoa moja, kitendo hakisimami. Angalia tangazo linalosema, "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Usumbufu umejitokeza wenyewe, hauna mwenyewe. Angalia pia "Samahani kama nimekukosea." Hapo kosa limegeuzwa kuwa uwezekano, na aliyeumia ndiye anayeachiwa kazi ya kuthibitisha. Kwenye barua yako uliniandikia kwamba umeshamtumia ujumbe: "Pole kama ulijisikia vibaya." Huo si ujumbe wa kuomba radhi. Umempa pole, kama mpita njia anayempa pole aliyejikwaa. Usishangae kwamba hajajibu. Mwandikie: "Nilikuahidi kuwa nitakuwepo, sikuja, na nimekukosea." Usiongeze sababu kwenye ujumbe huohuo. Akikuuliza sababu, mweleze.

Kuna la mwisho, na hili ndilo lililo zito zaidi kwangu. Adolf Reinach, mwanafalsafa Mjerumani aliyeandika kuhusu ahadi mwaka 1913, miongo minne kabla ya Austin, alisema kuna matendo ambayo hayajakamilika mpaka yasikike na yule anayeelekezewa. Unaweza kusamehe moyoni peke yako. Kuamuru au kuahidi huwezi. Austin naye alisema kuonya hakujatimia kama mwenzako hakusikia wala kuelewa kuwa ameonywa. Wazo hilo ni sahihi, na lina upande wa kutisha. Mwaka 1993 mwanafalsafa Rae Langton aliuliza: vipi kuhusu mtu ambaye maneno yake yanasikika, lakini kitendo chake hakipokelewi? Mwanamke anasema "hapana," na mwanamume aliye mbele yake amelelewa kuamini kwamba "hapana" ya mwanamke ni sehemu ya mchezo. Sauti imemfikia. Kukataa hakukumfikia. Langton anaita hali hiyo kunyamazishwa, ingawa mdomo haukuzibwa na mtu.

Wewe ni kijana wa kiume, na utakuwa msikilizaji mara nyingi kuliko utakavyokuwa msemaji. Vitabu vingi vya somo hili vimeandikwa kutoka upande wa msemaji: alikuwa na nia gani, alifuata utaratibu gani. Mimi naona kazi kubwa iko kwa anayepokea. Mwanamke akikwambia "hapana," umeshakataliwa hapohapo. Akikwambia "labda siku nyingine" huku anatazama pembeni, umekataliwa pia, kwa njia ya kuzunguka, na wewe umeshajifunza kuwa njia ya kuzunguka ni njia halali. Usijifanye huielewi pale isipokupendeza, wakati ya dirisha unaielewa bila kufundishwa.

Wapo waliompinga Langton. Wanasema kukataa ni kukataa hata asipoeleweka, na kwamba tukisema kitendo chake "hakikutimia" tutakuwa tumempa mkaidi kisingizio: hakukataliwa. Mimi niko upande wao. Nadhani sharti la Reinach la kusikika linafaa kwa ahadi, ambayo inahitaji watu wawili, ila kukataa kunalinda mipaka ya mmoja na hakuhitaji idhini ya yule anayezuiwa. Lakini najua hoja yangu ina tundu: kama kukataa kunatimia bila kupokelewa, sijui kwa nini kuonya kusitimie vilevile. Mkifika kwenye mada hiyo darasani, muulize mwalimu wako swali hili kama nilivyoliandika, kisha uniandikie amejibu nini, na wewe mwenyewe umesimama wapi.

Ni mimi mama yako akupendaye.