Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wosia Wenye Sadaka, na Lile Suala la Kabati

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, nitazipitia haraka. Semina zilifanyika mbili, ya Aprili na ya Septemba. Tulizungumza na waumini katika misikiti mitatu na parokia mbili hapa Dar es Salaam kuhusu kuacha sehemu ya mali kwa kazi za heri. Kipeperushi kilitoka nakala 2,000. Maneno niliyaandika mimi usiku baada ya kazi, Katibu akasahihisha koma. Hesabu zimekaguliwa. Wenzetu wawili walifiwa na chama kiliwakilishwa.

Sasa nije kwenye uamuzi wa Machi, maana najua ndio uliowaleta wengi wenu leo.

Kamati iliamua kwamba mwanachama akimwandikia mteja wosia wenye zawadi kwa kanisa, msikiti, shule, zahanati au kituo cha yatima, ahakikishe wosia huo umepelekwa kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ndani ya miezi 6 tangu kusainiwa. Usibaki kwenye kabati la ofisi yake. Barua za kupinga zilifika 11, na moja iliniita dalali wa RITA. Sikuijibu wakati ule. Naijibu leo.

Mteja ambaye mirathi yake haifuati mila wala sheria ya Kiislamu anaangukia Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865. Ni kongwe kweli, lakini bado inatumika kwetu. Kifungu cha 105 kinasema mtu mwenye mpwa, yaani mtoto wa kaka au wa dada yake, au ndugu wa karibu kuliko mpwa, hana uwezo wa kuachia mali dini au hisani ila kwa wosia uliosainiwa si chini ya miezi 12 kabla hajafariki, tena uliowekwa, ndani ya miezi 6 tangu kusainiwa, mahali palipotengwa kisheria kuhifadhia wosia za watu walio hai. Masharti ni mawili na yote lazima yatimie. Nani kati ya wateja wetu hana hata mpwa?

Mnaikumbuka habari ya yule mwalimu mstaafu aliyetaka kodi ya nyumba yake iendeshe zahanati ya parokia. Alisaini, akaishi miezi 14, kwa hiyo sharti la kwanza alilivuka. Wosia ulikuwa kabatini muda wote huo. Watoto wa kaka yake walikuja na wakili aliyekisoma kifungu cha 105 hadi nukta ya mwisho, na zawadi ya zahanati ikaanguka. Nyumba wanayo wao. Wapo wanaonong'ona kwamba kabati lile lilikuwa langu. Lilikuwa la ofisi ninayoshirikiana na wenzangu, na wosia ule sikuuandika mimi. Naomba jambo hilo liishie hapo.

Tuambiane ukweli. Anayetunza wosia ndiye anayepigiwa simu msibani, na kazi ya mirathi humfuata yeye. Hofu yenu ni kwamba karatasi ikifika RITA, Kabidhi Wasii Mkuu, anayeiongoza RITA, ataondoka na mteja. Hofu hiyo naielewa, nami nina karo za kulipa. Lakini mteja anaweza kumtaja amtakaye kuwa msimamizi, na nakala mnabaki nayo.

Wenzetu wanaohudumia Waislamu walilalamika kwamba tumewatia kapu moja na wengine. Hapo wana haki. Mteja wao ana theluthi yake ya kuusia kwa asiyekuwa mrithi, au anaweka wakfu angali hai, na kifungu cha 105 hakimgusi. Waraka utarekebishwa. Kwa wosia wa kimila tulichosisitiza ni mashahidi: Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963 linataka wa ukoo na wa nje ya ukoo, na bado napokea wosia zilizoshuhudiwa na mhasibu na dereva wake.

Na jamani, andikeni jina la bodi ya wadhamini kama lilivyosajiliwa. "Watoto yatima wa Mbagala" si jina la mtu wala taasisi. Hakuna atakayejitokeza kulipokea fungu hilo, au watajitokeza ishirini.

Mahudhurio yanasikitisha. Akidi yetu ni watu 25. Mkutano wa Julai walikuja 17, wawili kati yao wakiwa wamekosea ukumbi. Kati ya wanachama 73, waliolipa ada ya shilingi 100,000 ni 31. Tunadai shilingi 4,200,000 za mwaka huu pekee, na waliopinga uamuzi wa Machi kwa sauti kubwa wengi wamo humo. Simtaji mtu. Kodi ya chumba cha ofisi ya miezi miwili niliitoa mfukoni, risiti zipo.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kufika Dodoma na Mwanza, na kuwa na orodha ya taasisi za hisani ambazo usajili wake tumeuhakiki. Kamati ndogo itaundwa.

Uamuzi wa Machi utapigiwa kura baada ya chai. Katiba yetu inasema anayepiga kura ni aliyelipa ada. Mweka Hazina amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi.