Barua ya wazi kwa wifi: mvua imeanza, chati ya herufi isubiri

Wifi yangu,

Nimeambiwa umebandika chati ya herufi sebuleni na mwanangu anaiimba yote, be, che, de, mpaka mwisho, bila kukosea. Na kwamba ukimwonyesha herufi moja peke yake anakutazama tu. Usimgombeze. Chati imemfundisha wimbo, na wimbo ameujua. Kusoma ni kazi nyingine, na kwa mtoto wa miaka minne hapo Tanga ulipo, masika, kusi, vuli na kiangazi vitakufanyia sehemu kubwa ya kazi hiyo ukiviacha vichague herufi badala ya kufuata mpangilio wa ukutani.

Anza na irabu tano. Kwa Kiswahili kila irabu ina sauti moja, haibadiliki, na karibu kila silabi inaishia na irabu, kwa hiyo akizimudu hizo tano amefika mbali. Tena anaweza kusoma maneno kamili mapema: ua, au, oa. Irabu moja kwa wiki inatosha. Baada ya hapo leta m, s, l na n, kwa sababu sauti zake zinavutika: mmm, sss. Herufi kama k, t na b hazivutiki, hivyo usizifundishe pekee. Zishikanishe na irabu tangu siku ya kwanza, ka, ta, ba. Achana kabisa na kutaja majina ya herufi kwa sasa. Mtoto anayesoma "em-a-em-a" hawezi kumsikia mama humo ndani. Na utumie herufi ndogo, maana ndizo zilizojaa vitabuni. Kubwa ibaki ile ya mwanzo wa jina lake.

Sasa masika, ambayo ndiyo majira bora kuliko yote. Mvua ikikatika subiri kama nusu saa. Mchanga uliolowa sana hujifukia wenyewe, mkavu nao humomonyoka. Chora irabu kwa kijiti, kubwa, urefu wa mkono wake mzima, kisha weka jiwe pale mstari unapoanzia. Aipite kwanza kwa miguu peku, halafu kwa kidole, halafu aichore mwenyewe pembeni kwa njiti ya chelewa, huku akitamka sauti yake kila mara. Jiwe usilisahau. Bila jiwe ataanza o kutoka chini na kuizungusha kama mishale ya saa, na itaonekana sawa tu, mpaka atakaposhika penseli na kukuta a, d na g zote zinataka mkono uzunguke kushoto kutoka juu. Mazoea hayo yakishakaa ni shida kuyang'oa.

Halafu mpande herufi. Lima kitalu kidogo, chora i, u, o au l yenye urefu wa sentimita 60, fukua mfereji wa sentimita 3 kwenda chini, na yeye aweke punje za kunde, moja moja, akiacha nafasi ya vidole vyake viwili au vitatu. Kule kubana punje kwa ncha za vidole ndiko kunakokomaza vidole vya kushikia penseli. Mchicha haufai: mbegu zake ni ndogo mno, atazimwaga zote mahali pamoja na mvua ya kwanza itazizoa. Kunde zitachomoza baada ya siku nne hadi sita hivi. Msome herufi yenu wiki ile ya kwanza ya kuota, kwa sababu majani yakitanuka mistari inaungana na utabaki na kichaka. Ndiyo maana m na e hazipandwi. Funika kitalu kwa matawi ya miiba pia, kuku hawajali irabu. Majani yakikua, irabu mnaichuma mnapika mboga.

Punje nunua zile za kupikia. Mbegu za dukani zenye rangi ya waridi au kijani zimepakwa dawa, zisiguswe na mtoto. Na kama kuna mdogo wake wa chini ya miaka mitatu, hesabu punje kabla na baada. Pua na masikio ya watoto yana tamaa.

Maneno ya kufundishia uyachague kwa makini. Utashawishika kutumia "mvua" kwa m, lakini m hiyo imebanwa na v na mtoto haisikii vizuri. Tumia maji, matone, matope. "Mti" na "mtu" navyo visubiri, m yake inasimama silabi peke yake.

Kusi likianza kuvuma na machungwa ya Muheza yakishuka bei, hapo ni ch. Iandike kwenye kadi moja, c na h pamoja, kwa kuwa c peke yake haina kazi kwetu. Menya chungwa kwa utepe mrefu usiokatika, naye aukunje kuwa s, u au e siku hiyo hiyo, maana kesho ganda litakuwa limekauka na kujikunja litakavyo. Upepo nao ni wa tiara. Mkia wake mfungie vipande vitano vya gazeti, kila kimoja na silabi moja, na tiara ikianguka hairuki tena mpaka avisome. Zaidi ya vitano mkia unakuwa mzito.

Vuli ni fupi, mimi hungojea kumbikumbi tu: ku-mbi-ku-mbi, makofi manne. Kabla ya herufi sikio lake lijue kukata neno, na hilo neno linakatika vizuri.

Kiangazi mpe brashi na kikopo cha maji aandike ukutani. Asubuhi, upande wa kivuli, la sivyo herufi inakauka kabla hajaimaliza. Akizoea mhamishie juani ashindane nalo. Wakati huo ndio pia wa kufinyanga herufi za unga: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji kikombe kimoja ukiyaongeza kidogo kidogo. Usijaribu masika, chumvi huvuta unyevu na herufi hazikauki, zinaota ukungu.

Kiangazi ndipo d inapoingia, kwa dafu na embe dodo. Nimeichelewesha makusudi. B na d zikifundishwa karibu karibu mtoto huzichanganya kwa muda mrefu, kwani umbo ni moja limegeuzwa tu. B aipate mwezi wa tano, kwa bata na boga, akae nayo mpaka isimtatize, ndipo d ije.

Dakika kumi kwa siku, na akiondoka mwache aende.

Kunde robo kilo inatosha masika nzima. Mwambie kaka yangu alime kitalu jioni hii, kabla udongo haujawa tope la kunata jembeni.

Wifi yako