Risala ya Wahadhiri, Wataalamu wa Maabara na Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi: Dira na Dhima ya Chuo Kikuu cha Umma cha Utafiti Jijini Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa Serikali na wa dini,
Wenyeviti wa mitaa na wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi,
Wazazi wetu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuketi nasi katika siku hii ya kupitia rasimu ya dira na dhima ya chuo tunachokitaka hapa Mwanza. Karibu sana. Kwa wenyeji waliofika tangu asubuhi tunasema kwa Kisukuma, wabeja sana, yaani asanteni sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkoa huu ulihesabiwa watu 3,699,872 katika Sensa ya mwaka 2022. SAUT kule Malimbe na CUHAS pale Bugando, vyuo vikuu vya Kanisa Katoliki, vimewalea vijana wetu kwa heshima, wala hatuji kuvipokonya kazi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru kimetafiti pamba tangu enzi za ukoloni. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na ile ya Utafiti wa Uvuvi zina vituo vyao hapa hapa. Tunachokikosa ni nyumba ya umma ambamo mhandisi, daktari, mwanasheria na mtaalamu wa ziwa watakaa meza moja, wakafundisha shahada ya kwanza na kulea wa uzamivu kwa kutumia maswali ya jiji hili.

Rasimu ya dira tunayoileta mbele yako ni sentensi moja: ifikapo mwaka 2050, kila swali kubwa la Ziwa Viktoria na miji yake lipate jibu la kuaminika kutoka Mwanza, kwa lugha anayoielewa mwenye swali. Mwaka huo tumeuchagua ili twende sambamba na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050. Maneno "kuwa chuo bora barani" tumeyakataa kwa makusudi. Ubora wa namna hiyo hupimwa kwa orodha zinazotungwa mbali, na hakuna mkazi wa Igogo au Kayenze atakayeweza kusimama akasema mmefika au hamjafika. Dira asili yake ni chombo cha nahodha, anakitazama ajue ameiacha njia kwa kiasi gani. Nasi tunataka sentensi itakayotuonyesha tunapopotea.

Dhima ina mambo yale matatu yanayojulikana: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Kuunganisha kufundisha na kutafiti ndilo wazo lililokipa jina chuo kikuu cha Berlin kilichofunguliwa mwaka 1810. Marekani mwaka 1862 ilitoa ardhi ya umma ili majimbo yapate vyuo vya kilimo na ufundi. Vyuo vya umma vya mijini vikasogea hatua nyingine. Portland State, jimboni Oregon, ina kaulimbiu inayotaka maarifa yautumikie mji. Hilo la mwisho tunaliazima, ila kwetu mji na ziwa haviachani. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji na kumwaga ziwani kila ulichookota njiani. Juu ya vilima vya mawe choo cha shimo hakichimbiki, na mvua ikinyesha kilichoko mlimani kinateremka. Na ziwa hilo hilo ndilo tunalovuta maji ya bomba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utuvumilie tueleze kipimo kimoja tu cha maji, kwa sababu humo dhima yote inaonekana. Kutafuta bakteria wa kinyesi, mililita 100 za maji huchujwa kupitia utando wenye matundu ya mikromita 0.45. Utando unawekwa juu ya chakula cha bakteria ndani ya kisahani, kisha kisahani kinakaa kwenye inkubeta, yaani kasha linalotunza joto, yenye nyuzijoto 44 kwa saa 24. Kesho yake vinahesabiwa vidoa vilivyoota. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linataka visionekane kabisa. Sasa umeme ukatike usiku, joto lishuke, na hakuna aliyekuwepo kuona. Asubuhi umeme umerudi, inkubeta inasoma 44, kisahani ni cheupe. Mwanafunzi anaandika sifuri, na maji machafu yanapewa cheti cha usafi. Dawa yake ni betri ya akiba, kipimajoto kinachojirekodi chenyewe, na kisahani cha pili chenye bakteria waliowekwa makusudi: hao wasipoota, majibu ya siku hiyo yanatupwa yote. Vifaa hivyo si ghali. Vinakosekana kwa sababu wafadhili hupenda kununua mashine, na bajeti ya matengenezo na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, haina mwenyewe.

Kuna na suala la muda. Sampuli hukaa kwenye kasha la barafu, gizani, na inatakiwa ianze kupimwa ndani ya saa 6. Meli ya kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, huchukua muda wa saa 3 hivi. Ongeza kuzunguka visimani Ukerewe, kusubiri kupakia, na foleni ya kutoka bandarini, muda umekwisha. Kwa hiyo dhima yetu inapotaja "kuwafikia wananchi wa visiwani", maana yake ni chumba kimoja Nansio chenye inkubeta, sola na mtaalamu wa maabara aliyeajiriwa. Bila chumba hicho maneno hayo yafutwe kwenye rasimu.

Utafiti wa watu nao una saa zake. Dagaa huvuliwa kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa mitumbwi hupumzika na nyavu hushonwa. Anayepeleka hojaji mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akiwa na kalenda ya muhula tu atawakosa wavuvi au atawakuta wanalala, ataondoka na majibu ya wapita njia. Ratiba ya utafiti wa ziwani ipangwe kwa mwezi wa angani. Vibali navyo vina ngazi: kamati ya maadili, mkoa, wilaya, kata, mtaa, na mwaloni kwenyewe viongozi wa kikundi cha uvuvi. Barua ikiishia wilayani, mtafiti atasimamishwa ufukweni, na waliomsimamisha watakuwa na haki.

Kwamba kazi ya pwani hii inaweza kufika mbali, tunao mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, jamii 6 za vijijini mkoani Mwanza ziliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa na nyingine 6 zikawa za kulinganishia. Matokeo yaliyotoka mwaka 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya VVU yamepungua kwa takriban asilimia 40, na dunia ikasikiliza. Baadaye utafiti wa Rakai, Uganda, uliotibu watu wote kwa mkupuo, wagonjwa na wasio wagonjwa, haukuona upungufu huo, na mjadala wa sababu zake ukawafundisha wataalamu mengi. Chuo chetu kiwe na ujasiri huo wa kuchapisha hata kinachopingana na cha jirani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utafiti huuawa kimya kimya na wingi wa karatasi. Darasa la wanafunzi 400, majaribio mawili na mtihani mmoja, ni karatasi 1,200. Kila moja dakika 10, ni saa 200, sawa na siku 25 za kazi za saa nane, kwa somo moja. Mhadhiri mwenye masomo matatu ataandika andiko la utafiti lini? Wakufunzi wasaidizi waajiriwe mapema, maana kijana anayeajiriwa leo na shahada ya kwanza anahitaji miaka miwili ya uzamili na mitatu au minne ya uzamivu kabla hajaweza kumsimamia mwingine. Tukichelewa kuajiri sasa, pengo litaonekana miaka mitano au sita mbele.

Wanafunzi wenyewe wengi watatoka majumbani, Buhongwa, Kisesa, Igoma, kwa daladala mbili. Maktaba ikifungwa saa 12 jioni, hicho si chuo cha mjini. Tunapendekeza saa 4 usiku, taa njiani, na maabara za jioni kwa walioajiriwa.

Maombi yetu ni haya. Tunaomba utusemee kwa mamlaka za ardhi tupate eneo lenye gati dogo, majengo yakikaa nje ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka. Tunaomba kila kifaa kitakachonunuliwa kitengewe asilimia 10 ya bei yake kila mwaka kwa matengenezo. Na ombi tunalolipigania kuliko yote: kanuni za kupandisha vyeo zihesabu muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, uliobandikwa mwaloni au ofisi ya mtaa na kusomwa mbele ya watu waliotoa takwimu zao. Leo mhadhiri hupewa alama kwa makala iliyo kwenye jarida la ng'ambo, na mama aliyejibu maswali 60 huku dagaa wake wakinyeshewa hapati hata karatasi moja. Rasimu ya kanuni hiyo tumeiambatisha, ukurasa wa mwisho, na nafasi ya saini tumeiacha wazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.