Barua kwa mwanangu anayekwenda kuuza pampu

Igurusi

Mwanangu Lusajo,

Salamu zako tumezipata. Habari ya kazi pia, ingawa dada yako ameijua kabla yetu. Haya. Kuuza pampu za sola ni kazi halali, na fundi umeme mwenye cheti kama chako hawezi kukaa kijiweni. Ila nimesikia mnalipwa kwa idadi ya pampu. Sasa nakuuliza: mteja wako akishavuta maji mtoni, mkulima wa chini yake anabaki na nini?

Pampu ya petroli inapiga kelele na inakula hela, kwa hiyo maji yakitosha mkulima anaizima mbio. Ya sola nani ataizima, na jua halilipiwi? Ekari moja ya vitunguu wakati wa jua kali inataka milimita 5 kwa siku, kama lita 20,000. Pampu ya lita 2 kwa sekunde inazitoa kwa saa tatu kasoro. Ikiachwa saa sita, imetoa lita 43,200. Zile za ziada zinaozesha vitunguu na kuzamisha mbolea, na mtoni zimeshatoka. Basi usiuze pampu peke yake. Weka tangi na swichi ya boya, ile inayoelea juu ya maji, tangi likijaa pampu ijizime.

Karatasi ya kiwandani usiitegemee. Chukua ndoo ya lita 20 na simu yako. Ikijaa kwa sekunde 10, hizo ndizo lita 2 kwa sekunde. Kisha pima kijito chenyewe, na upime mwezi wa kumi, si wa nne. Tafuta mahali kiliponyooka mita 10, tupa kijiti, hesabu sekunde. Tuseme upana ni mita 1.5, kina sentimita 20, na kijiti kimetumia sekunde 40: hapo ni lita 75 kwa sekunde. Toa moja ya tano, kwani maji ya chini na ya kando huenda polepole kuliko ya juu. Zimebaki 60. Pampu 30 zinakikausha, na aliyeuza ya 30 ataapa kwamba yeye ameuza moja tu.

Wa chini humwoni siku ya mauzo. Asiyekuwapo na lake halipo, Lusajo, ndiyo maana narudia: uliza anabaki na nini.

Maji ya bonde letu la Usangu hukusanyika kwenye kinamasi cha Ihefu, yakatokea juu ya mwamba pale Ng'iriama. Ihefu ikishuka chini ya kimo cha mwamba ule, mto Ruaha Mkuu unasimama. Tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi huko Hifadhi ya Ruaha, na mbele yake kuna mabwawa ya umeme, Mtera, megawati 80, na Kidatu, megawati 204. Wengi huwatupia lawama wafugaji. Mimi naanzia kwenye mabanio, vile vizuizi vya mtoni vinavyoingiza maji kwenye mifereji yetu. Banio la miti na mawe lilikuwa linavuja, na yale yaliyovuja ndiyo aliyopata wa chini. Tukaletewa ya zege, tukapiga makofi, na sisi wa jumuiya ya mfereji tulikuwa mstari wa mbele kupiga. Zege halivuji. Usipofunga lango, kiangazi linaweza kubeba karibu mto wote.

Kibali cha kutumia maji kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Kione kwanza, ndipo upokee malipo ya awali. Na shamba lililo ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, liache hata kama mteja ana hela mkononi.

Halafu hiyo mikopo ya kulipa kwa simu. Kitunguu kinataka miezi mitatu hadi minne mpaka hela ionekane, marejesho ni kila mwezi, na akichelewa pampu inafungwa kutoka ofisini huku vitunguu vinatunga. Waombe wakuu wako marejesho makubwa yaje baada ya mavuno. Wakikataa, mwambie mteja ukweli huo kabla hajaweka dole gumba.

Najua utasema baba anahubiri. Umesoma kuliko sisi sote na tunajivunia, ndiyo maana sitakusikiliza ukisema hukujua.

Bibi macho yanamsumbua bado. Dawa ile ya matone imeisha, tafuta Mbeya mjini. Bati la jikoni limeng'oka upande wa magharibi, nataka misumari ya bati kilo moja. Ukipita Uyole mwambie shangazi viazi vyake viko tayari, atume magunia, ya kwetu yametobolewa na panya.

Baba yako