Mtu akiomba choo mpeni ufunguo, maswali baadae

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na yule msomaji wako aliyeandika wiki iliyopita kuhusu watu wanaoshuka kwenye daladala barabara ya Nyerere wanakimbilia vichakani, akasema ni ushamba na kukosa malezi, wakamatwe wapigwe faini. Ndugu yangu, mimi nimeshashuka hivyo, na sio mara moja. Ni mama wa watoto wawili, nashona nguo Kariakoo mwaka wa 11 huu, mama yangu kanilea vizuri tu kule Tanga, na siku ya kwanza kunitokea nilikua nimevaa gauni la kitenge nililolishona kwa mkono wangu, narudi Gongo la Mboto kama watu wengine.

Naumwa kolaitisi, vidonda kwenye utumbo mpana. Watu wakisikia vidonda wanajua vidonda vya tumbo basi naletewa maji ya kabichi na unga wa ndizi, nawashukuru kwa kunijali ila huu ni ugonjwa mwingine kabisa, ni kinga ya mwili yenyewe inaushambulia utumbo, hauambukizi na hautokani na uchafu. Una ndugu yake unaitwa ugonjwa wa Crohn, jina la daktari Burrill Crohn wa New York aliyeuelezea na wenzake mwaka 1932, huo unaweza kushika popote kuanzia mdomoni mpaka mwisho wa njia, huu wangu unakaa utumbo mpana na pale chini kabisa. Mimi kabla ya kujua nilitibiwa amiba mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu, dozi juu ya dozi, damu inakata wiki 2 inarudi, mwaka wa 3 ndo nikapewa rufaa nikafanyiwa kipimo cha kamera kinachopita njia ya haja kubwa, wakachukua kinyama wakapeleka maabara, ndo ukajulikana. Kwahiyo kama kuna mtu anasoma hapa na anaona damu kwenye choo miezi na miezi na kila akienda anaambiwa amiba, aulizie hicho kipimo.

Sasa lile la vichakani. Pale mwisho wa utumbo kuna sehemu choo kinakaa kikisubiri kutoka. Kwa mtu mzima wa afya hiyo sehemu inatanuka, inakupa taarifa mapema, unaahirisha mpaka ufike nyumbani na wala hukumbuki. Kwangu pamevimba, pana vidonda, hapatanuki, kikifika kitu kidogo tu mwili unapiga kelele kama vile pamejaa pomoni. Mara nyingi nikifika chooni kinachotoka ni ute na damu kama kijiko, sijala vibaya, siharishi, lakini kabla ya hapo jasho limetoka mgongoni mpaka kwenye visigino na siwezi hata kujibu salamu. Na muda ninaopata ni dakika, kuna siku hazifiki hata 2. Watu wanasema jizuie, jamani misuli ya kujizuia ninayo na nakaza kwa nguvu zangu zote, ila kile kinachosukuma kina nguvu kuliko mimi. Kingine ambacho hata ndugu zangu wamechelewa kuelewa, unaweza ukanywa dawa vizuri, ukapimwa ukaambiwa vidonda vinapona, na bado huku kubanwa kwa ghafla kukabaki, sababu pale mahali pameshakakamaa.

Asubuhi ndo mbaya zaidi. Mtu yeyote akila, tumbo linaamsha utumbo wa chini, ndo maana watu wengi wakinywa chai wanaenda chooni. Kwahiyo mimi natoka nyumbani saa 11 alfajiri sijatia kitu mdomoni, hata maji, chai nakunywa saa 4 nikiwa kazini ambapo choo kiko hatua chache. Wanangu wameshazoea kuona mama hali.

Siku ile tulikua tumekwama hapa karibu na Vingunguti, unajua foleni ya jioni ilivyokua wakati wa ujenzi wa mwendokasi kwenye hii barabara, gari haisogei. Nikasikia imekuja. Nikamwambia konda naomba nishuke, akasema dada hapa sio kituo, trafiki wapo pale mbele, vumilia. Nikamwambia tena kwa sauti ya chini nimebanwa. Akageuka akawatangazia abiria wote, "huyu dada anataka kujisaidia", watu wakacheka, kuna mmama mmoja tu hakucheka akapiga bodi la gari kwa kiganja, mfungulieni mlango! Nikashuka nikakimbia. Sikuwahi. Mhariri naomba usikifute hiki, niliharibikiwa pale pembeni ya barabara mchana kweupe nikiwa na miaka 36, nikajifunga kanga niliyokua nayo kwenye begi nikatembea kwa mguu mpaka nikakutana na bodaboda, na yule kijana hakuniuliza chochote, alitandika mfuko wa saruji kwenye siti akasema panda dada twende.

Mara nyingine ilikua kituo cha mafuta, hicho sikitaji. Choo kipo, nakiona mlango. Ufunguo nao nauona, umefungwa kwenye kipande cha mbao unaning'inia kwenye msumari nyuma ya kaunta. Kijana ananiambia choo ni cha wafanyakazi, namwambia mdogo wangu mimi mgonjwa, anasema mgonjwa wa nini, mbona unaonekana mzima. Nianze kumweleza utumbo wangu mbele ya foleni ya bodaboda? Nikafungua begi nimuonyeshe karatasi ya hospitali, mikono inatetemeka, na wakati naitafuta hiyo karatasi ndo ikatokea. Ule ufunguo ulikua kama mita moja kutoka mkono wake.

Ningependa yule msomaji aliyetaka tupigwe faini ajaribu siku moja kutoka Gerezani mpaka Gongo la Mboto kwa mguu ahesabu vyoo ambavyo mtu asiyejulikana anaruhusiwa kuingia bila kuulizwa. Mimi nimeshahesabu, naijua hii barabara kwa vyoo kuliko madereva wanavyoijua kwa mashimo. Na kwa kweli nimeokolewa na misikiti zaidi ya mara moja. Kuna mzee mmoja alikua anafagia uani, aliniona tu sura ilivyo akaninyooshea kidole upande wa wanawake na akaniwekea kopo la maji mlangoni, nilipotoka hakuniangalia usoni ili nisione aibu, akaendelea kufagia. Mungu amlipe.

Vyoo vya kulipia vipo stendi na sokoni na sina ugomvi na kulipa, nina kipochi kidogo cha sarafu za 200 na 500 ambacho siku zote kinaning'inia nje ya begi. Ugomvi wangu ni ule wa mlangoni, umetoa elfu kumi unaambiwa chenji hamna, katafute chenji kwanza. Mwacheni mtu aingie, atalipa akitoka, hakuna anayekimbia na choo. Na vingine vinafungwa jioni wakati magari bado yanapakia watu mpaka usiku.

Huko nje walishaliona hili. Jimbo la Illinois kule Marekani mwaka 2005 walipitisha sheria kwamba duka lenye choo cha wafanyakazi limruhusu mteja mwenye ugonjwa kama huu akitumie, na aliyeisababisha ni binti wa miaka 14, Ally Bain, mgonjwa wa Crohn, aliyenyimwa choo dukani akiwa na mama yake akachafuka, majimbo mengine yakafuata. Uingereza chama cha wagonjwa kinatoa kadi ndogo, unaionyesha tu huongei, mtu anajua huyu hawezi kusubiri. Sisi hatuhitaji kungojea bunge kwa jambo hili, lakini kama kuna diwani anasoma naomba alibebe, na hospitali zetu zikitupa hata kakadi kenye muhuri kalikoandikwa kwa Kiswahili "mgonjwa huyu anahitaji choo haraka" itanisaidia sana kuliko ile karatasi yangu yenye maneno ambayo mlinzi hawezi kuyasoma.

Kwa makonda nina ombi moja. Abiria akikuambia kwa sauti ya chini, na wewe mjibu kwa sauti ya chini, mwambie suka asimame. Tukiwa wazima hatuna sababu ya kushuka kabla ya kituo na nauli tumeshalipa.

Na wenye maduka wanaoogopa vyoo vyao vitachafuliwa, nawaelewa, mimi pia choo cha pale kazini tunachangia fundi sita na tunakisafisha kwa zamu. Ila toka mwaka jana tumekubaliana wenyewe kwamba akija mtu amebanwa anapewa, awe mteja, mchuuzi, mpita njia. Mpaka sasa hajatuibia mtu wala kuharibu kitu, kuna mama wa mboga aliwahi kutuachia mafungu mawili ya mchicha kama shukrani tukamkatalia akayaacha hivyo hivyo mezani. Ufunguo uko kwenye msumari ubavuni mwa mlango, nje, na ndoo ya maji naijaza mwenyewe kila asubuhi kabla sijakaa kwenye cherehani.

Fundi cherehani,
Kariakoo, Dar es Salaam
(jina langu unalo Mhariri, naomba lisitoke)