Ulizeni kifaa kinatumaje habari, si kinaona mbali kiasi gani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu yako niwaeleze wazazi jambo ambalo matangazo ya vifaa vya kufuatilia watoto hulipita kimyakimya: GPS, yaani sehemu ya kifaa inayotambua mahali kwa kutumia setilaiti, haitumi habari yoyote, inapokea tu. Kifaa anachovaa mtoto husikiliza setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi. Kikizipata 4 au zaidi, kinapiga hesabu na kujua kilipo. Wewe mzazi bado hujui kitu. Ili ujue, lazima habari hiyo isafirishwe, na karibu mara zote inayoisafirisha ni laini ya simu iliyomo ndani ya kifaa.

Kwa hiyo la kwanza kuuliza ni mtandao. Vifaa vingi vya bei rahisi vinashika mtandao wa zamani wa 2G peke yake, ilhali kampuni za simu zinaizima: Telstra ya Australia ilizima Desemba 2016, AT&T ya Marekani ikafuata Januari 2017. Siku hiyo ikifika, umebaki na saa ya mkononi ya kawaida. Chukua cha 4G, na bendi (masafa ya mawimbi) zilizoandikwa kwenye boksi zilingane na za kampuni ya laini utakayoweka.

Laini yenyewe iweke kwanza kwenye simu yako uiondolee PIN, maana kifaa hakina pa kuiandika. Ukishaihamisha, ingiza APN ya kampuni, yaani jina la njia yake ya kuingia kwenye intaneti. Lawama nyingi kwamba kifaa ni kibovu huanzia hapa: kinapiga na kupokea simu vizuri, lakini ramani haisogei. APN haijaingizwa, au bando limekwisha. Kutuma mahali kilipo hakuli data nyingi. Zinazokula ni picha na simu za video, ambazo kwa maoni yangu mtoto hazihitaji.

Wengine wananunua vitagi vya Bluetooth, kama AirTag, wakidhani ni kitu kilekile. AirTag haina GPS wala laini. Huonekana tu pale kifaa cha Apple, chako au cha mtu mwingine, kinapokuwa karibu, na kampuni yenyewe imesema imetengenezwa kwa ajili ya vitu, si watu. Tena betri yake ni ile ya kidonge. Mtoto mdogo akiimeza, inaweza kuanza kumuunguza koo ndani ya saa 2.

Kuhusu chaji, muuzaji akisema "siku 5", muulize: kikituma kila baada ya muda gani? Betri ya mAh 600 (kiasi cha chaji inachobeba) kwenye kifaa kinachokula wastani wa mA 100 za umeme, kwa kutuma mfululizo, inakwisha kwa saa 6. Ukishusha wastani hadi mA 25, inafika saa 24. Kipange kitume kila dakika 10 mtoto akiwa njiani, kila saa akiwa darasani, kisizungumze usiku. Kutuma kila dakika kuwe akiba ya siku ya dharura.

Sasa ramani. Nje, penye anga wazi, kifaa hukosea mita chache. Ndani ya jengo la zege au chini ya paa la bati mawimbi ya setilaiti hudhoofika au kukatika kabisa, na kifaa huanza kukisia kwa Wi-Fi au minara ya simu. Makisio ya minara yanaweza kukosea mamia ya mita, hata kilomita kadhaa. Ndiyo maana mtoto aliyetulia darasani huonekana ghafla ng'ambo ya mto, na mzazi akatoka mbio. Programu inayofaa huandika alama ya mtoto kwenye ramani imetokana na nini, na ya saa ngapi. Isiyoandika hayo, iacheni dukani. Uzio wa ramani, yaani mpaka unaouchora ili utahadharishwe mtoto akiuvuka, nao usiwe chini ya mita 200 kuzunguka shule, la sivyo tahadhari za uongo zitawazoesha kupuuza ya kweli.

Kuna pia suala la nani mwingine anamwona mtoto. Mwaka 2019 watafiti wa Avast, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza kwamba vifaa takriban 600,000 vya kufuatilia vilikuwa mitaani na nywila ya kiwandani, 123456. Vipo ambavyo mtu akijua namba ya laini na nywila hiyo, ujumbe mfupi mmoja unavifanya vimpigie kimyakimya asikilize kila kinachosemwa. Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zenye uwezo huo Novemba 2017. Badilisha nywila siku ya kwanza, na ruhusu namba za nyumbani tu.

Mwisho, jaribu kitufe cha dharura kabla mtoto hajakihitaji. Vingi hubonyezwa sekunde kadhaa, kisha hupiga namba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kasoro ni hii: simu ya kwanza ikiwa na sanduku la sauti, lile linalojibu na kurekodi ujumbe usipopokea, kifaa huhesabu kuwa imepokelewa na kuacha kupiga nyingine. Zimeni sanduku la sauti kwenye simu zote tatu.

Fundi wa vifaa vya mawasiliano