Watoto wachore kuku wa uani

Mhariri,

Likizo ikikaribia, wazazi wengi hununua vitabu vya kupaka rangi. Naomba nafasi niwashauri wanunue daftari lisilo na mistari, penseli mbili, HB ya kawaida na 2B iliyo laini na nyeusi zaidi, na kichongeo, kisha watoto wakae uani wachore wanachokiona.

Waanze na kuku, maana amezoea watu. Mtoto amtazame kwa dakika mbili kabla ya kushika penseli. Kisha kwa HB, bila kukandamiza, achore mstari mmoja kutoka kichwani kupitia shingoni na mgongoni hadi mkiani. Hapo ndipo aweke umbo la yai kuwa kiwiliwili na duara dogo kuwa kichwa. Wengi huanza na jicho, wakalirembesha, halafu mwili ukakosa nafasi kwenye karatasi. Vipimo vichukuliwe kwa kichwa: kiwiliwili kina urefu wa vichwa vingapi? Manyoya yasichorwe moja moja. Mabawa na mkia vinatosha, kwa 2B.

Miguu ndiyo inayoharibu michoro mingi. Kile kinachoonekana kama goti lililopinda kinyumenyume ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya karibu na tumbo. Mtoto akilijua hilo, kuku wake atasimama.

Kuku akisogea, mchoro usifutwe. Aanze mwingine pembeni. Kuku hurudia mikao yake, kudonoa, kujikuna, kusimama kwa mguu mmoja, na akiurudia ule wa kwanza, mchoro wake unaendelezwa. Kwangu mimi, ukurasa wenye vipande sita visivyokwisha una thamani kuliko kuku mmoja aliyemaliziwa kwa kubuni.

Usiku ni zamu ya mjusi kafiri, anayetulia karibu na taa akivizia wadudu. Vidole vyake ni vipana, jicho halifumbi, na kwenye mwanga mboni husinyaa ikawa ufa uliosimama wima, kama ya paka. Mboni ya mbuzi ni ufa uliolala. Mkia ukibadilika ghafla rangi au umbile, huenda uliwahi kukatika ukaota upya. Asikamatwe, kwani huukata mkia ili ajiokoe.

Kila ukurasa uandikwe tarehe, saa, hali ya hewa, urefu wa kukadiria na alichokuwa akifanya mnyama. Asiye na rangi aandike kwa maneno: “shingo ya kijivu”. Huku Pwani maneno hayo mawili yana kazi kubwa, kwa kuwa kunguru mwenye shingo ya kijivu ni mgeni aliyeletwa kutoka Bara Hindi, na mwenye kifua cheupe ndiye mwenyeji. Chini ya kiganja iwekwe karatasi, maana kwa joto letu jasho hupakaza 2B ukurasa mzima.

Walimu wa sayansi nao, wakisahihisha madaftari haya, watoe alama kwa tarehe, saa na vipimo kabla ya kutazama uzuri wa mchoro.

Msomaji wenu,
Tanga